Nafasi ya darasa la kwanza ipo kwa kila mtoto, mbona wazazi Songea bado wanahaha?

Ikifika Oktoba, matangazo ya uandikishaji yanaanza kuonekana kwenye mageti ya shule na ofisi za serikali za mitaa. Kata ya Majengo, ndani ya Manispaa ya Songea, haiko tofauti na kwingine. Na maswali ya wazazi ni yale yale: nafasi zinaisha lini? Mtoto atafanyiwa usaili? Cheti cha kuzaliwa hakijatoka, je, watamkataa?

Jibu fupi ni kwamba shule ya msingi ya serikali haina nafasi ya kugombea. Elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, na tangu Januari 2016 ni bila ada. Hakuna mtihani wa kuingia darasa la kwanza. Mtoto aliyefikisha umri anatakiwa kupokelewa.

Basi hofu inatoka wapi?

Sehemu yake ni ya kurithi. Babu na bibi wengi wa Songea walikua wakati nafasi zilikuwa chache kweli kweli, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio: ukishindwa, unarudi shambani. Azimio la Musoma la 1974 ndilo lililosukuma elimu ya msingi kwa wote, ile ambayo watu wanaiita UPE hadi leo. Ada ikarudi baadaye, ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia mpango wa MMEM. Kila mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi kuliko madarasa yaliyokuwepo. Ndivyo ilivyokuwa 2016 pia.

Kwa hiyo mzazi wa leo hagombei kuingia shule. Anagombea nafasi ndani ya darasa.

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa darasa la awali. Piga hesabu ndogo. Kipindi cha nusu saa kina sekunde 1,800. Darasa likiwa na watoto 45, mwalimu akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma, kila mtoto anapata sekunde 40. Wakiwa 90, zinabaki 20, na hapo hajafundisha chochote wala hajamwambia mtu akae chini. Mtoto aliyechelewa kushika herufi ndiye anayepotea kwanza, maana hakuna anayemwona.

Hii ndiyo sababu wazazi wanaulizana shule ipi ina watoto wachache, na wengine wanatumia anwani ya shangazi au mjomba ili mtoto aandikishwe kata nyingine. Tatizo ni kwamba wote wakikimbilia shule ileile yenye sifa, ndiyo inayojaa. Mtoto wa miaka sita naye anabaki na safari ya kila siku ya mguu au bodaboda.

Kuna na suala la lugha. Shule za msingi za serikali, ukiacha chache, zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari ni Kiingereza. Mzazi anaiona ile kona mbele, na kama ana uwezo, au hata kama hana, anaanza kutafuta shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Huko usaili upo, ada ipo, na nafasi zinaweza kuisha kweli. Hofu ya huko inahamia hadi kwenye shule za serikali, ambako haina msingi.

Mtaala mpya, ulioanza Januari 2024, umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ni nafuu, lakini somo moja si sawa na kusoma kila kitu kwa lugha hiyo. Wazazi wanalijua hilo.

Anayeumia zaidi ni mtoto wa mzazi anayesubiri. Anasubiri majibu ya shule binafsi, anasubiri mahindi yauzike, Desemba inaingia. Kwa Songea kalenda ni ngumu: mvua zinaanza, hela ya mavuno inaingia kwenye mbegu na mbolea, na Januari yenye sare, madaftari na viatu inakuta mfuko mtupu na shamba linadai palizi. Mtoto anaambiwa atasoma mwakani. Mwaka wa awali, ambao kwa sera ni wa miaka mitano, unampita hivyo hivyo, kisha anaingia darasa la kwanza akiwa na sita au saba bila kuwahi kushika penseli.

Wengine wanafanya kinyume: wanamwongezea mtoto umri ili aingie akiwa na minne. Huyo anakaa kwenye benchi moja na wa miaka sita.

Kama una mtoto wa kuandikisha, kujaza fomu shule ya karibu mwezi Oktoba hakukuzuii kumhamisha baadaye. Nenda na cheti cha kuzaliwa kama unacho. Kama huna, serikali imesema mara kwa mara kwamba hiyo si sababu ya kumkataa mtoto, ila anza kukifuatilia. Michango nayo si sharti la kuandikishwa, wala mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Ukikwama kwa mwalimu mkuu, hatua inayofuata ni Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya Manispaa.

Na presha hii itahama. Kwa sera mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la mwisho. Januari 2028 makundi mawili yanatakiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule za msingi zitabaki na chumba cha darasa la saba kikiwa wazi, na foleni itakuwa kwenye geti la sekondari.