Damu Yako Haina Uchafu

"Daktari, nipe dawa ya kusafisha damu, hii aleji imenishinda." Nimelisikia ombi hili kliniki, kanisani na kwenye stendi ya matatu ya Elburgon, na sasa nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Anayeuliza ana pumu, au mafua yasiyoisha, au mtoto wake anajikuna usiku kucha. Mara nyingi amebeba karatasi ya maabara, kidole kiko palipoandikwa kwamba eosinofili zimepanda. "Si unaona? Damu imechafuka."

Sioni. Eosinofili ni chembe nyeupe za kawaida, na kwa kawaida hazikai kwenye damu hata siku nzima kabla ya kuhamia kwenye mapafu, ngozi au utumbo. Zile ulizopimwa Jumatatu, kufikia Jumatano zimekwishaondoka zenyewe na nyingine zimefika. Uliza basi ni nani anayeziagiza.

Anayeagiza ni protini iitwayo GATA-3, nayo haielei kwenye damu. Imo ndani ya seli T za kinga. Mwenye aleji akivuta vumbi la godoro, GATA-3 huingia kwenye kiini cha seli, hujishika kwenye DNA mahali ambapo herufi zinasomeka G-A-T-A, na kuwasha jeni za intaleukini 4, 5 na 13. Ya 4 huamuru kingamwili za IgE zitengenezwe. Ya 5 huita eosinofili na kuzilisha. Ya 13 hujaza makamasi kwenye njia za hewa na kuzifanya zibane kwa sababu ndogo. Tena ile ya 4 hurudi kuamsha protini nyingine, STAT6, ambayo nayo huichochea GATA-3, kwa hiyo moto unajichochea wenyewe. Hakuna jipya hapa: Zheng na Flavell wa Chuo Kikuu cha Yale waliionyesha kazi ya GATA-3 mwaka 1997.

Elburgon ni mji wa mbao, kwa hiyo mtanielewa: kusafisha damu huku GATA-3 iko kazini ni kuzoa vumbi la mbao huku msumeno unaendelea kukata. Na hiyo damu inasafishwa sasa hivi unaposoma, na ini na figo, bila kukutoza hata shilingi. Dawa ya kuharisha inasafisha utumbo na mfuko wako tu.

"Lakini jirani yangu alikunywa ule unga wa mitishamba akapona kwa siku tatu!" Namwamini jirani. Siuamini unga. Katika nchi nyingi, dawa za "asili" za pumu na ngozi zilipopimwa zilikutwa na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni iliyosagwa humo kisirisiri. Steroidi hupenya seli na kukamatana na kipokezi chake, na kipokezi hicho kinahitaji protini ileile inayoibeba GATA-3 kuingia kwenye kiini. Kipokezi kikiwahi, GATA-3 inabaki nje na jeni zile zinanyamaza. Kwa hiyo huenda jirani alitulizwa na dawa ya hospitali, aina ileile anayoiogopa kwenye inhela, ila kwa kipimo asichokijua mtu yeyote, na kwa mwili mzima. Baada ya miezi uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Halafu anakuja kuniambia inhela ni hatari!

Haya, cha kufanya. Inhela ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya njia za hewa na haiigusi GATA-3. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi mtu mzima kuitegemea peke yake. Inayotuliza uvimbe ni ile yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonaidi, kipimo kidogo kinachoshukia mapafuni. Itumie ulivyoandikiwa hata siku ambayo kifua ni chepesi, kisha sukutua mdomo uteme. Mtoto avute kupitia chupa safi ya plastiki ya nusu lita, kitako kimetobolewa tundu linalobana mdomo wa inhela. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba inafaa. Mafua: dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na setirizini kwa chafya. Kiwandani vaa barakoa inayobana uso, leso haitoshi. Jikoni, toa moshi. Sindano ya dupilumabi, inayozuia STAT6 isiamshwe, ipo duniani, lakini bei yake si ya wengi wetu. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, ni hospitali saa hiyohiyo.

Na kama umekuwa ukinywa ule unga kwa wiki kadhaa, usiuache ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi za nje huenda umepunguza kutengeneza zake na unaweza kuzimia. Uje nao kliniki, na pakiti yake, tukupunguzie taratibu.