Uwezekano si Utajiri: Jinsi Bonde la Mashapo Linavyopimwa

Aliyeacha maji ya mto yatulie mtungini ayajua mashapo: tope na mchanga unaotuama chini. Mtaa wa Kileleshwa, ninamoandikia makala haya, umekaa juu ya miamba ya volkano. Hapa hapatafutwi mafuta. Hutafutwa kwenye mabonde ya mashapo kama vile Lamu, Anza, Mandera na Lokichar kule Turkana.

Mtaalamu wa miamba hujiuliza maswali manne. Je, pana mwamba chanzo, uliofukia mabaki ya viumbe na kupata joto la takriban nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi? Pana mwamba hifadhi wenye vinyweleo? Pana mwamba kifuniko usiopenyeza? Na je, pana mtego uliojiunda kabla mafuta hayajahama? Kikikosekana kimoja, vilivyosalia havifai kitu.

Lokichar ni ushahidi. Mwaka 1992 kisima cha Loperot-1 kilionyesha dalili za mafuta, chanzo kilikuwapo. Hata hivyo, ilipita miaka 20 kabla kisima cha Ngamia-1 kuyafikia mafuta ya kutajika, mwaka 2012. Shehena ya kwanza ilisafirishwa kutoka Mombasa mwaka 2019.

Hapa ndipo msomi wa Kiswahili anapohusika. Kinachopimwa ni uwezekano. Tukiuita utajiri, tunampa mwananchi ahadi ambayo mwamba haukuitoa. Istilahi ikipotoka, matumaini nayo hupotoka.