Roshani Ndogo Nayo ni Soko: Ipange Kabla ya Masika

Wengi wenu mna vitalu vya miche na mnawauzia wakazi wa maghorofani Dar es Salaam. Shida inakuja hapa: mteja ananunua vyungu vitano, mwezi haujaisha vinne vimekauka. Huyo harudi tena. Kwa hiyo usimuuzie miche tu, msaidie kupanga roshani yake.

Jua. Uliza linaingia saa ngapi. Penye jua la mchana weka bogenvilia, mrehani au shubiri. Penye kivuli kiasi, nanaa inakubali.

Uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inafika kilo 30 hivi. Vyungu vikubwa vikae chini, karibu na ukuta. Vidogo panga kwenye rafu ya mbao, ili kiti na meza ndogo vipate nafasi. Usiweke chungu juu ya reli. Kikidondoka kinaweza kuua mtu.

Udongo. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza vizuri na 1 ya mchanga. Chungu kiwe na matundu chini. Maji ya kwenye sahani yamwagwe, maana yakituama mbu wa dengi wanazaliana humo.

Maji. Masika inaanza Machi, ila roshani yenye paa hailowi vizuri. Mwambie mteja aingize kidole kwenye udongo. Akikuta pakavu, amwagilie.

Baada ya wiki mbili mpigie simu umuulize miche inaendeleaje. Dakika tano tu, na mteja unabaki naye.