Waya Nyekundu Si Lazima Iwe Chanya

Kijana mmoja aliniletea kilaptopu cha inchi 7 ndani ya boksi la viatu, skurubu zake zimekusanywa kwenye kichupa cha dawa. Alikuwa amekifungia tachi, yaani kioo cha mguso, mwenyewe, na tachi ilikuwa imekataa.

"Shikamoo mzee. Draiva nimeshabadilisha mara nne."

"Marahaba. Nyaya umepima?"

"Sikuona haja, mzee. Rangi zote zimeoana. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kijani kwa kijani."

Hapo hapo nikajua pa kuanzia. Katika seti za tachi za bei chee, rangi ya waya hupangwa na yule aliyekuwa na roli ya waya mkononi siku hiyo kiwandani. Kwenye kebo ya USB iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni, nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe ni data hasi na kijani ni data chanya. Nimefungua seti ambayo njano ndiyo iliyobeba umeme, na nyingine ambayo nyekundu ilikuwa data. Mwaka fulani niliamini rangi kama alivyofanya kijana huyu: nililehemu seti niliyoinunua kwenye kibanda, nikawasha, na kabla mashine haijamaliza kuamka chipu ya kudhibiti mguso ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Nyekundu ilikuwa hasi. Laptopu ilipona, ile bodi ndogo haikupona.

Seti hizi zina historia fupi. Mwishoni mwa 2007 Asus walitoa Eee PC 701, laptopu ndogo ya skrini ya inchi 7 yenye nukta 800 kwa 480, nyepesi na rahisi kuliko laptopu za wakati ule. Tachi haikuwa nayo. Haukupita muda wauzaji wa mtandaoni wakaanza kuuza vioo vya mguso vilivyokatwa kwa kipimo chake, kisha vya kipimo cha ndugu zake wa inchi 8.9 na 10. Ndani ya pakiti unakuta karatasi ya kioo yenye mkanda mwembamba wa njia nne, bodi ndogo ya kudhibiti mguso, waya wa USB usio na plagi, na pengine kigawanyio kidogo cha USB. Karatasi ya maelekezo haimo, na ikiwemo haikufai.

Ili uweze kusoma dalili za ugonjwa, jua kwanza kioo hiki kinavyofanya kazi. Si kama kioo cha simu ya leo kinachohisi umeme wa kidole. Kina matabaka mawili yaliyopakwa utando mwembamba unaopitisha umeme, yametenganishwa na vinundu vidogo visivyoonekana kirahisi. Tabaka moja lina njia mbili kushoto na kulia, lingine lina njia mbili juu na chini. Bodi inapeleka volti toka kushoto hadi kulia. Ukibonyeza, tabaka la juu linagusa la chini na kuchota volti ya pale ulipobonyeza. Katikati unapata nusu ya volti, karibu na ukingo unapata kidogo au karibu yote. Kisha bodi inageuza zamu, inapima juu na chini. Ni mantiki ile ile ya kitasa cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani, ila hapa kidole chako ndicho kitasa.

Kwa hiyo kuna makundi mawili ya nyaya, na makosa yake hayafanani hata kidogo. Kuna nyaya nne za kutoka kwenye kioo kwenda kwenye bodi, na nne za kutoka kwenye bodi kwenda kwenye laptopu. Fundi anayechanganya makundi haya atabadilisha draiva hadi usiku.

Tuanze na zile za laptopu, maana ndizo zinazoua. Umeme ukigeuzwa, chanya kwenye hasi, bodi inaungua, na hakuna dalili ya kusubiri zaidi ya joto na harufu. Lakini data zikibadilishana nafasi hakuna kinachoungua, na mashine yenyewe inakuambia, kama unajua kuisikiliza. Kifaa cha USB cha kasi ya megabiti 12 kwa sekunde hujitambulisha kwa kuvuta waya wa data chanya hadi karibu volti 3.3 kupitia kipingamizi cha omu 1,500. Kifaa cha kasi ndogo huvuta waya wa data hasi. Ukizigeuza, laptopu inadhani imechomekewa kifaa cha kasi ndogo, inakisalimia kwa lugha hiyo, na kifaa kinabaki kimya. Windows itakuambia haikitambui kifaa, na kwenye orodha ya vifaa utaona kosa namba 43. Kwenye Linux, ukiandika dmesg utaona malalamiko ya kusoma maelezo ya kifaa yakiishia na namba -71.

Dalili hiyo ni habari njema. Maana yake umeme umefika, bodi iko hai, na kilichobaki kwa kawaida ni kugeuza nyaya mbili au kulehemu upya kiungio cha data. Mashine ikikaa kimya kabisa, isitoe hata lalamiko, hapo ndipo unatafuta umeme uliokatika. Na ukiandika lsusb kwenye Linux ukaona namba 0eef, bodi imetambuliwa kuwa ya eGalax, aina iliyoenea sana kwenye seti hizi. Kuanzia hapo USB yako haina kosa, hamia upande wa kioo.

Kilaptopu cha yule kijana kilitoa -71. Dakika tano za hausi ya kulehemu na kazi ikaisha.

Rangi zikikudanganya, utaijuaje waya ya umeme? Chukua mita, weka ncha nyeusi kwenye chuma cha tundu la USB la laptopu, na ncha nyekundu kwenye pini moja moja. Pini mbili za pembeni ni za umeme na mbili za katikati ni za data. Kwenye plagi zile za pembeni zimefanywa ndefu kidogo ili zigusane kwanza. Iliyo na volti 5 ndiyo chanya. Upande wa bodi ya mguso, tafuta hasi kwa kufuata eneo pana la shaba ambalo vijenzi vingi vimeungwa nalo, ukitumia sehemu ya mita inayolia. Ukishaipata hasi, chanya kwa kawaida ni ile njia inayoingia kwenye kijenzi cha kupunguza volti.

Wanaolehemu ndani ya laptopu bila kutumia tundu la nje wana mtego wao. Wengi huchukua data kwenye tundu la Mini PCIe, pini 36 kwa data hasi na 38 kwa data chanya, na hapo hawakosei. Wanakosea wanapochukua na umeme hapo hapo. Tundu hilo lina volti 3.3 na volti 1.5, volti 5 halina. Bodi iliyotengenezewa volti 5 ukiilisha 3.3 haifi, na huo ndio ubaya wake: leo inaonekana, kesho haionekani, ikipata joto inapotea. Mwenye mashine analaumu draiva, fundi analaumu Windows. Volti 5 ichukuliwe kwenye tundu la USB lenyewe au mahali palipopimwa kwa mita.

Kigawanyio nacho kina hesabu yake. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500, na kigawanyio kisicho na chaji yake kinaahidi miliampea 100 tu kwa kila tawi. Ukifunga tachi na modemu kwenye kigawanyio kimoja, tachi itazimika kila mara modemu inapotafuta mnara. Pima volti kwenye bodi ya mguso wakati vyote vinafanya kazi. Ikishuka chini ya 4.4, tatizo ni njaa.

Sasa upande wa kioo. Hapa hakuna kinachoungua kwa kukosea mpangilio, kwa hiyo jaribu bila woga. Mshale ukienda kulia unapovuta kushoto, njia mbili za tabaka moja zimegeuzwa. Ukipanda juu unapovuta pembeni, tabaka zima limechukua nafasi ya lenzake. Yote mawili programu ya kusawazisha mguso hurekebisha, wala huna haja ya kushika hausi. Lakini mshale ukirukia kona, au ukitembea kwa mshazari tu hata ufanye nini, basi njia moja ya tabaka la juu imebadilishana na moja ya tabaka la chini. Hiyo hakuna programu itakayoiponya.

Chomoa mkanda, pima omu kati ya njia zote nne, mbili mbili. Njia mbili za tabaka moja zitaonyesha omu mia kadhaa. Njia za matabaka tofauti hazitaonyesha kitu mpaka ubonyeze kioo. Kwa dakika mbili umeshajua nani ni ndugu ya nani, bila mchoro wowote. Njia ambayo haina ndugu kabisa imekatika.

Na ikikatika, mara nyingi imekatikia kwenye mkunjo. Njia za mkanda ule kwa kawaida huwa ni wino wa fedha uliochapwa juu ya plastiki. Ukiukunja kwa nguvu kama karatasi, wino unapasuka. Usijaribu kuulehemu, plastiki itayeyuka kabla lehemu haijashika. Rangi yenye madini ya fedha, inayopakwa kwa brashi ndogo, huweza kuokoa mkanda, lakini sikuahidi.

Ugonjwa ambao umewafanya watu wengi wang'oe nyaya nzima bila sababu hauna uhusiano wowote na waya. Mshale umeng'ang'ania ukingo mmoja, kama kuna mtu asiyeonekana ameweka kidole. Legeza skurubu za fremu ya skrini. Mshale ukitulia, fremu ndiyo iliyokuwa ikibonyeza kioo. Kioo kimeongeza unene ambao mtengenezaji wa laptopu hakuupangia nafasi, kwa hiyo plastiki ya ndani inasuguliwa kidogo kwa tupa, au unaweka vipande vyembamba vya sponji chini yake. Mshale unaotetemeka papo hapo ni kesi nyingine: mkanda umelala juu ya kibadilishi umeme cha taa ya skrini, ambacho kwenye mashine za taa za tyubu hutoa volti mamia. Uhamishe. Nyaya mbili za data nazo zisokote pamoja kama kamba, na uzifupishe.

Tachi ikifanya kazi laptopu ikiwa imefunguliwa nusu na kukataa ikifunguliwa wazi, waya imekatikia kwenye bawaba, ndani ya plastiki yake, mahali jicho halioni. Weka mita kwenye sauti, mtu mwingine afungue na kufunga kifuniko polepole, usikilize inapokatika. Waliotumia uzi mmoja mgumu wa kebo ya mtandao hurudi kwangu baada ya miezi michache na kosa hili hili. Bawaba inataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba.

Yote haya yangepungua nusu kama watu wangejaribu seti mezani kabla ya kuifunga. Kata kebo ya USB kuukuu, pima nyaya zake, unganisha na bodi, chomeka kioo, kivute kidole toka kona hadi kona. Ikikataa mezani, irudishe dukani ikiwa bado safi. Ukishaiweka lehemu na gundi hakuna muuzaji atakayeipokea.

Na kabla ya kufungua skurubu ya kwanza, chomoa chaji na utoe betri. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu laptopu nyingi huacha volti 5 kwenye tundu za USB hata zikiwa zimezimwa.