Fundi alisema 90,000, bili ikaja 330,000: unafanyaje hapo?

Leo tuache kidogo mambo ya picha kali na maneno ya kuvutia wateja. Tuongelee kitu kinachokula mtaji kimyakimya: gereji.

Sisi tunaouza mtandaoni kutoka huku Chemba tunajua hali ilivyo. Oda inaingia kwenye simu, lakini dumu la alizeti au ndoo ya asali haiendi kwa bando. Lazima itembee. Lami ya Dodoma–Babati tunayo, sawa, ila mzigo unaanzia Mrijo, Goima, Kwamtoro au Farkwa, na huko vyombo vinachakaa. Pikipiki, guta au kirikuu, siku moja kitakugomea tu.

Yalinikuta mwenyewe. Nilitoka Mrijo na madumu 14 ya mafuta ya alizeti, wateja wote wapo Dodoma mjini, wengine wameshalipa. Nilipoipita Chemba tu, mshale wa joto ukapanda, kirikuu kikachemsha, kikazima. Kikavutwa hadi gereji moja kando ya barabara. Fundi akaangalia, akasema: "Dada, hapa gasketi ya heda imeungua. Spea na ufundi, andaa 90,000."

Nikamjibu neno moja ambalo mpaka leo nalijutia: "Fundi, fanya chochote, mimi nataka iwake tu."

Siku ya nne nikapigiwa simu. Gari inawaka. Bili: 330,000.

Nyongeza ilikuwa hii: kuchonga heda 60,000, wotapampu 45,000, rejeta ya mtumba 80,000, nauli ya kupeleka heda Dodoma na kuirudisha 20,000, ufundi wa ziada 35,000. Jumla 240,000. Faida yangu kwa dumu moja ni 4,000. Maana yake nyongeza peke yake imemeza faida ya madumu 60, na mimi nilikuwa nimebeba 14!

Nilipandisha sauti, na yeye akapandisha. Akaniambia gari haitoki. Mzigo wangu bado umo ndani, na wateja watatu wameshadai hela zao.

KWANZA TUWE WAKWELI: SIYO KILA NYONGEZA NI WIZI

Injini ikichemsha, fundi akiwa nje anaona dalili tu. Mpaka afungue ndiyo atajua kama heda imepinda. Na heda iliyopinda ukiiwekea gasketi mpya bila kuichonga, gasketi itaungua tena. Na kama kilichosababisha joto ni wotapampu inayovuja, usipoibadilisha umetupa hela. Kwa hiyo bei ya kwanza mara nyingi ni makadirio, na makadirio yanaweza kubadilika kihalali.

Kosa linaanza pale fundi anapoendelea bila kukuuliza. Au anapoweka spea ambayo haikuwa na shida. Au anakuandikia orijino halafu kafunga feki. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kukibana. Ukivichanganya vyote ukaviita "wizi", unashindwa hata pale ulipokuwa na haki.

KABLA HAJASHIKA SPANA

1. Lipia uchunguzi peke yake. Sema: "Fungua, angalia, niambie tatizo na bei. Kazi tutaanza baadaye." Hela ya kufungua ni ndogo kuliko ugomvi.

2. Tenganisha spea na ufundi. "Jumla 90,000" inaficha mengi. Ukijua spea ni ngapi na ufundi ni ngapi, unaweza kuulizia bei ya spea duka la Dodoma au Kondoa kwa simu ukiwa umekaa hapohapo.

3. Weka kikomo. "Ikizidi hapa, simama, nipigie."

4. Andika. Siyo lazima karatasi yenye muhuri. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, tatizo lake ni ushahidi. Tuma ujumbe kama huu, kopi uhifadhi:

"Fundi, tumekubaliana kubadilisha gasketi ya heda, spea na ufundi jumla 90,000. Ukikuta tatizo lingine nitumie picha na bei kwanza. Nisipojibu ndiyo, usiendelee. Spea za zamani zote niwekee."

Akijibu hata "sawa" tu, umeshapata kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo usifute hizo meseji. Na mtandao ukiwa mbovu, mpigie mbele ya mtu, halafu tuma meseji ya kawaida.

5. Usilipe yote mwanzoni. Toa hela ya spea kwa simu ili muamala ubaki, ufundi umalizie ukishaijaribu gari.

6. SHUSHA MZIGO. Hili wengi tunasahau. Gari ikiingia gereji, mzigo wa wateja utoke siku hiyohiyo, hata kwa bodaboda, hata kwa kuomba lifti ya basi. Usiache biashara yako iwe rehani.

BILI IMEKUJA KUBWA. SASA?

Tulia kwanza. Omba mchanganuo, mstari kwa mstari, na risiti za spea. Halafu omba kuona spea za zamani. Hii ndiyo silaha yako kubwa, na haihitaji kelele.

Mimi nilipotulia nikaomba hivyo. Wotapampu ya zamani ililetwa, ukiishika mhimili unacheza kabisa. Hapo nikanyamaza. Kuchonga heda kulikuwa na risiti ya karakana ya Dodoma. Nikanyamaza tena. Rejeta? "Ile ya zamani niliuza chuma chakavu, dada." Hapo ndipo pa kuongea.

Gawa bili mafungu matatu: ulichokubali, usichokubali ila kinaonekana kilihitajika, na usichokubali ambacho hakina ushahidi. La kwanza lipa. La pili mjadiliane. La tatu ndilo ubishie.

JE, FUNDI ANA HAKI YA KUZUIA GARI?

Ndiyo, na hapa watu wengi wanakosea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mtu aliyefanyia kazi mali uliyomkabidhi aishikilie mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, kama hamkukubaliana vinginevyo. Ndiyo maana kuivizia gari usiku uondoke nayo kunaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji.

Lakini haki hiyo inahusu chombo alichokifanyia kazi, kwa kazi mliyoagana. Haimpi ruhusa ya kukitumia kubebea abiria, wala kung'oa spea nyingine. Na madumu yako hajayafanyia kazi yoyote, kwa hiyo mzigo una haki ya kuutoa.

Ukikwama, njia ni hii. Anza na mtu mnayemheshimu wote: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, au fundi mwingine mzee wa kazi aangalie kilichofanyika. Ikishindikana, Baraza la Kata, ambalo kazi yake kuu ni usuluhishi. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo, unafungua madai kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Polisi siyo wa kudai deni. Deni la gereji ni madai ya kawaida. Ila kama kuna spea imeibwa au umedanganywa makusudi, hilo ni jambo lingine, toa taarifa.

KITU CHA KUTOFANYA

Usikimbilie kupiga picha ya fundi na kuirusha stetasi na kwenye magrupu "huyu tapeli". Najua kidole kinawasha. Ila ukikosea hata kitu kimoja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na taarifa za uongo zinakuletea kesi. Halafu wewe ni muuzaji, wateja wako wanasoma hapohapo. Mtu akiona unavyogombana na fundi, anajiuliza utamfanyaje yeye siku dumu likivuja.

MIMI ILIISHAJE?

Tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kama saa moja hivi. Mwenyekiti akamuuliza fundi: "Ulimpigia kabla ya kununua rejeta?" Hakuwa amepiga. Akanigeukia: "Na wewe mama, ulisema afanye chochote?" Nilisema. Kila mtu akameza mate yake. Rejeta tukagawana nusu kwa nusu, na ufundi wa ziada akanipunguzia 15,000. Nikalipa 275,000. Wateja wale watatu sikuwapata tena, na hao ndio hasara kubwa kuliko hizo hela.

Tangu hapo nafanya mambo mawili. Moja, kila safari natenga 5,000 ya matengenezo, naiweka kwenye laini nyingine ya simu, na imo ndani ya bei ya usafiri ninayomtajia mteja. Siyo "nikipata". Mbili, fundi wangu namchagua gari ikiwa nzima, kwa kumpelekea kazi ndogo kama kubadilisha oili, naona anavyoeleza na anavyotoa risiti. Na fundi huyo, mtanishangaa, ni yuleyule. Safari hii lakini tunaandikiana.

La mwisho, na hili linatuhusu sisi. Mteja ukimwambia usafiri ni 3,000, mzigo ukifika unamwambia 7,000 kwa sababu "basi wamepandisha", unamfanyia nini? Hilohilo alilotufanyia fundi. Bei ikibadilika, mpigie kabla mzigo haujatoka. Mteja anaweza kuvumilia bei kubwa aliyoambiwa mapema. Ya kushtukizwa haimtoki moyoni.

Hifadhi posti hii, ule ujumbe wa fundi ukopi leo kabla chombo hakijagoma. Na wewe, ilishakukuta? Ulimalizana naye vipi? Tuandikie, wengine wajifunze.