Jina la Enzi katika Tarehe za Kichina

Sarafu ya Kichina iliyopatikana kisiwani Manda, Kenya, mwaka 2013 imeandikwa neno Yongle. Ni rahisi mfasiri kulidhania kuwa jina la mfalme. Sivyo. Mfalme aliitwa Zhu Di. Yongle, maana yake "furaha ya daima", ni jina alilolipa kipindi cha utawala wake, nayo miaka ikahesabiwa kwalo. Zhu Di alitwaa kiti mwaka 1402, lakini hesabu ilianza mwaka mpya uliofuata. Kwa hiyo Yongle 3, mwaka wa safari ya kwanza ya Zheng He, ni 1405, wala si 1404.

Kwa dhana hii tunapendekeza istilahi jina la enzi. Neno zama tumeliacha, kwani huashiria kipindi kirefu kisicho na mwenyewe, kama zama za mawe. Enzi hubeba wakati na mamlaka pamoja. Ndiyo maana twasema kiti cha enzi.

Ukoo wa Ming ulipoanza kutawala mwaka 1368, desturi ikawa mfalme mmoja, jina moja. Hapo "Mfalme Yongle" huvumilika, ingawa "mfalme wa enzi ya Yongle" ni bora. Kabla ya hapo haivumiliki kamwe: Mfalme Wu wa ukoo wa Han alitumia majina 11, na mfasiri asiyejua atawapa wasomaji wake wafalme 11 badala ya mmoja.

Japani ingali na desturi hii. Wenye kufasiri nyaraka zake za mwaka 2019 waangalie mwezi: hadi Aprili ni Heisei 31, kuanzia Mei ni Reiwa 1.