Akiolojia Kutoka Nyumbani (2): Chumvi ya Uvinza na Darasa la Kasulu

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyoanza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Sasa tupande Buha, nyanda za juu za Kasulu na Kibondo.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza Kibondo kuhusu chumvi ya kale. Atataja Uvinza kabla hujamaliza swali. Jina hilo limo vitabuni, na watunga mitihani wanalipenda. Muulize yamejulikanaje hayo, atanyamaza.

Jibu lilifukuliwa mwaka 1967. John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Walikuta vigae, mkaa na mashimo yaliyokandikwa udongo wa mfinyanzi. Mkaa ulipopimwa ilionekana kazi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6 hivi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misafara ya karne ya 19. Wakati wa misafara hiyo watu walimiminika Uvinza kila kiangazi kupika chumvi, wakawalipa watemi ushuru, na mzigo ukauzwa hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwalimu atake nini zaidi? Tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu, kigae kina mtindo wa mfinyanzi wake, mkaa unatoa umri. Olduvai ina sifa zake, lakini kutoka Kasulu nauli yake inauma. Uvinza ni jirani.

Anthropolojia ni ngumu zaidi, kwa kuwa wanaochunguzwa wako hai. Mwaka 1985 na 1986 Liisa Malkki, msomi kutoka Finland, aliishi na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Katika makazi ya Mishamo aliwakuta wakisimulia bila kuchoka historia ya taifa lao. Kigoma mjini, wenzao walijichanganya na wenyeji na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Watu wa asili moja, majibu mawili. Kwa chuo cha ualimu Kasulu hilo si jambo la mbali: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015. Ndiyo maana mwanafunzi afundishwe kuomba ridhaa na kuficha majina kabla hajafundishwa kuuliza. Swali la kizembe kwa mtu aliyekimbia vita linaweza kumtonesha.

Aanze basi na wazee wa kwao: kilimo, ndoa, salamu ya Kiha na makofi yake.

Na majembe yabaki nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hairuhusu kuchimba bila kibali. Wanafunzi watembee, wachore, wapige picha. Kigae wakiache kilipo.